Mvua Ndiyo Mkaguzi: Kwa Nini Kazi ya Kutoa Maji Uani Hutuumiza

Katika ujenzi wa nyumba zetu hakuna kazi inayolipwa kwa imani tupu kama ile ya kutoa maji uani. Mlango uliopinda utakwama siku ileile unapofungwa, na paa linalovuja litajulikana kwa manyunyu ya kwanza. Lakini mtaro uliomwagwa zege Februari, bomba lake likafukiwa na juu yake zikapangwa pevingi, hukaa kimya mpaka masika. Mvua ikishakolea Aprili, fundi ameshachukua chake chote na yuko saiti nyingine, na mwenye nyumba amebaki na ufagio mkononi akisukuma maji yatoke jikoni.

Malalamiko ya namna hii ni mengi Dar es Salaam na katika miji yote inayokua haraka, na karibu kila mara huishia kwenye hukumu moja: mafundi ni matapeli. Matapeli wapo, sikatai. Ila nikiyatazama malalamiko yenyewe kwa karibu, naona madhara mengi zaidi yanatokana na mambo mawili tunayoyafanya sisi tunaoagiza kazi. Tunaagiza mtaro kabla hatujajua maji yatakwenda wapi, na tunamaliza kulipa kabla mvua haijaikagua kazi. Mtu mwema kabisa akipewa kazi kwa masharti hayo anaweza kuiharibu, na mtu mbaya hupata pa kujifichia.

Ipo nyumba moja ninayoifahamu Goba, upande ambako ardhi inateremka. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Uwanja wake ulikuwa ukituamisha maji karibu na ukuta wa jikoni kila masika, na unyevu ukipanda mpaka plasta ikabanduka. Akatafutiwa fundi na jirani. Fundi akaja, akatembea kutoka kona hadi kona, na mazungumzo yakawa mafupi.

"Mama, hapa tunazungusha mtaro nyumba nzima, halafu tunatoboa fensi tunatoa kwa bomba la inchi nne. Maji yote nje."

"Nje wapi, mwanangu?"

"Barabarani, mama. Yakishavuka fensi si yako tena."

Bei ilikubaliwa hapohapo, kazi ya mkataba, vifaa vya mama mwenyewe, robo tatu ya pesa ya ufundi mwanzoni na iliyobaki kazi ikikabidhiwa. Hakuna kilichoandikwa. Kazi iliisha, ikaonekana nzuri: kingo zimenyooka, vifuniko vimekaa sawasawa, na uwanja mzima ukawekwa pevingi ili usiwe na tope. Malipo yakamaliziwa.

Masika yalipofika maji yakaingia kupitia lile bomba. Yaliingia, hayakutoka. Kichochoro cha nje kilikuwa kimeshindiliwa kifusi na wakazi ili magari yapite, na mdomo wa bomba ulikuwa chini ya usawa wa njia. Kila mvua iliponyesha, maji ya kichochoro yalipata mlango wa kuingilia uani. Pevingi nazo zilikuwa zimeinuliwa mpaka zikapita ile karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi, zikalalia upande wa jikoni. Karo la maji machafu likajaa, mfuniko wa chemba ukaanza kuinuka. Fundi alipopigiwa simu alisema mvua ya mwaka huu ni kubwa mno. Alipopigiwa tena alisema yuko Bagamoyo. Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Kisa hiki nimekieleza kirefu kwa sababu kila kosa lililomo lilikuwa linaonekana kwa macho siku ile ya kwanza, kabla ya mfuko mmoja wa saruji kununuliwa.

Tuanze na kiasi cha maji, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Ikinyesha mvua ya milimita 50, jambo ambalo pwani si la ajabu wakati wa masika, kiwanja hicho kimepokea lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita elfu kumi kumi yakifunguliwa uani kwako. Paa peke yake, likiwa na mita za mraba 150, linamwaga lita 7,500, na kwa kawaida gata huyashusha hayo yote kwenye kona moja au mbili, mguuni mwa ukuta.

Sasa linganisha na lile shimo la kunyonya maji ambalo mafundi wengi hulipendekeza: kipenyo cha mita moja, kina cha mita mbili, ndani mawe. Ujazo wake wote ni kama mita 1.6 za ujazo, lakini mawe yanakula nafasi kubwa. Ukichukulia kwamba uwazi kati ya mawe ni asilimia 40, shimo hilo linapokea lita 600 na ushei. Linaweza kufanya kazi nzuri kwenye mchanga wa Kigamboni, ambako maji huzama upesi. Kwenye udongo wa mfinyanzi, shimo likishajaa limejaa, na litakaa hivyo siku kadhaa. Na katika maeneo ya chini karibu na bahari, kama sehemu za Mikocheni na Msasani, maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba ukichimba shimo wakati wa masika unaweza kukuta limejaa lenyewe. Kuuza shimo la kunyonya mahali pa namna hiyo ni kuuza kitu kilichokwisha kushindwa. Jaribio lake halina gharama: chimba kishimo cha futi moja, kijaze maji, yaache yazame, kijaze tena, kisha tazama saa. Kama maji yamekaa pale mpaka jioni, hiyo ardhi haitakunywa maji ya paa lako.

Jambo la pili ni mteremko. Bomba au mtaro wa kawaida unahitaji kushuka angalau sentimita moja kwa kila mita. Uwanja unaozunguka nyumba unapaswa kushuka zaidi, kama sentimita 15 katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani, ili maji yaikimbie nyumba. Kwa hiyo mtaro wa mita 30 lazima uwe umeshuka sentimita 30 tangu unapoanzia mpaka unapotolea. Kama mahali pa kutolea hapajashuka kiasi hicho, hakuna ustadi wa fundi utakaoyalazimisha maji yapande. Kupima hili hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, uliojazwa maji na kushikwa na watu wawili, unatosha kujua tofauti ya usawa kati ya ukuta wa jikoni na kichochoro cha nje. Mafundi wanaujua mpira huo kwa sababu ndio wanaotumia kusawazisha msingi. Pale Goba haukuguswa. Jicho ndilo lililopima, na jicho kwenye uwanja wenye mteremko hudanganya sana.

Zipo sababu za kosa hili kujirudia. Moja iko kwenye mpangilio wetu wa kujenga. Tunajenga kidogo kidogo, miaka kwa miaka, na tunaanza na kile kinachoonekana: nyumba, bati, fensi, geti, pevingi. Maji ya mvua hupewa nafasi mwishoni, wakati fedha imekwisha na kila kitu kimeshafungwa. Fensi imejengwa bila tundu la kupitishia maji, geti limewekwa kwa usawa wa barabara ya siku ile, karo limechimbwa mahali pa chini kabisa kwa sababu ndipo palipobaki. Anayeitwa kuja kutoa maji anakuta njia zote zimezibwa na watu waliomtangulia. Ramani nyingi za nyumba zinaonyesha vyumba, madirisha na sebule kwa undani wa kupendeza, lakini hazionyeshi mshale hata mmoja wa maji.

Nyingine ni ya mji wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyoota bila kupimwa. Huko kiwanja kimekatwa kutoka shamba la mtu, njia ya maji ya asili imeuzwa pamoja na shamba, na mtaro wa umma haupo. Palipo na mtaro, mwenye nyumba hajui amwendee nani: barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017, taka zinazoziba mitaro ni shughuli ya manispaa, na DAWASA inashughulika na maji safi na maji taka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na serikali ikawahamishia Mabwepande wakazi wa mabondeni. Tangu hapo mazungumzo ya mafuriko yamekuwa yakihusu mto Msimbazi na Jangwani, na ni sawa, kwa kuwa huko ndiko watu hufa. Lakini maji yanayofika Jangwani yametoka kwenye mapaa na nyua za huku juu, Kimara, Ubungo, Kisarawe. Kila tunapoweka pevingi nzima nzima bila kuacha hata kipande cha majani, tunamtumia mtu wa chini maji ambayo zamani ardhi yetu ilikuwa ikiyanywa.

Sababu ninayoiona nzito zaidi ni ya kibiashara. Mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu wa gari na mnunuzi hajui, basi mnunuzi anakataa kulipa bei nzuri, na mwenye gari zuri anajiondoa sokoni. Kazi ya kutoa maji uani imekaa katika hali hiyohiyo. Mwenye nyumba hawezi kutofautisha mtaro uliopimwa na mtaro uliokisiwa, kwa sababu vyote viwili siku ya kukabidhiwa vinafanana. Kwa hiyo anachagua bei ya chini. Fundi anayetaka kuchukua siku nzima kupima usawa, kuchimba vishimo vya majaribio na kwenda kuongea na jirani wa chini anaonekana ghali na mwenye maneno mengi, na anayeahidi kumaliza Jumamosi ndiye anayepewa kazi. Nimewasikia mafundi wazuri wakisema wamejifunza kunyamaza. Wakimwambia mteja kwamba pevingi zake ziinuliwe upya au fensi ivunjwe, kazi inakwenda kwa mwingine. Hapo lawama siwezi kuzipeleka kwa fundi peke yake.

Watu wengi hushauri kwamba utumie mkandarasi aliyesajiliwa. Ushauri ni mzuri na una msingi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliundwa kwa Sheria Namba 17 ya 1997, na sheria inakataza mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Aliyesajiliwa ana anwani, ana daraja, na Bodi inaweza kumwadhibu au hata kumfuta. Lakini ukweli wa mtaani ni kwamba kampuni iliyosajiliwa haina hamu na kazi ya mtaro wa mita 30. Kazi hizi ni za fundi anayejulikana kwa jina la mwanawe, anayepatikana kwa simu, mwenye vibarua wawili na toroli. Ushauri unaomsahau huyu unazisahau kazi nyingi zaidi zinazofanyika.

Na kwake huyo sheria haiko mbali kama tunavyodhani. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo kati ya watu wenye akili timamu, kwa hiari na kwa malipo halali, ni mkataba, na anayeuvunja anawajibika kufidia hasara. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6. Madai ya namna hii yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Ujumbe wa simu, picha na risiti za kutuma pesa zinakubalika kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu. Kinachowashinda watu ni kuthibitisha ahadi yenyewe. Fundi aliahidi nini? Kama aliahidi mtaro, mtaro upo, umekabidhiwa, na mvua ni kazi ya Mungu. Kama aliahidi kwamba maji hayatasimama uani kwa mvua ya kawaida, hilo ni jambo jingine kabisa, na mtu akisimama mbele ya hakimu akiwa na ujumbe unaosema hivyo, kesi ina miguu. Kenya wamepiga hatua hapa: Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inataka madai yasiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya yaamuliwe ndani ya siku 60. Ukiumizwa mwanzoni mwa mvua ndefu, hukumu inaweza kutoka kabla ya mvua fupi. Nasi tunahitaji kitu cha namna hiyo.

Ile kauli kwamba maji yakivuka fensi si yako tena ndiyo ya hatari kuliko zote. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo Tanzania iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ilikuwa na kesi maarufu inayogusa jambo hili moja kwa moja. Mwaka 1860 huko Lancashire, John Rylands alitaka bwawa la maji la kiwanda chake, akaajiri mainjinia na makandarasi. Wakati wa kuchimba walikutana na mashimo ya zamani ya mgodi, hawakuyaziba ipasavyo. Bwawa lilipojazwa, maji yalipasua yakateremkia kwenye mgodi wa jirani, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuonekana kuwa na uzembe. Uzembe ulikuwa wa wale aliowaajiri. Hata hivyo mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba yeye ndiye wa kulipa, kwa sababu ndiye aliyekusanya maji yale juu ya ardhi yake. Uwanja wenye pevingi haulingani na bwawa la kiwanda, na maji yanayoteremka yenyewe kwa asili yake sheria huyatazama tofauti na yaliyokusanywa. Lakini ukiyakusanya maji ya uwanja mzima kwenye bomba moja na kuyaelekeza kwenye msingi wa jirani, umetengeneza kero ambayo jirani anaweza kukudai, na kusema "fundi ndiye aliyeweka" hakutakutoa. Utamlipa jirani kwanza, kisha ukamtafute fundi Bagamoyo.

Serikali inapojenga barabara haimwamini mkandarasi siku ya kukabidhi. Inazuia sehemu ya malipo, na kazi inaingia katika kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mzima, ambapo kasoro ikijitokeza mkandarasi anairekebisha kwa gharama yake. Sioni kwa nini mwalimu mstaafu wa Goba asiwe na haki hiyohiyo kwa kiwango chake. Kwa kazi ya maji, kipindi cha matazamio kinachofaa kimeshawekwa na majira: kazi ikifanyika Januari, sehemu ya mwisho ya malipo ilipwe masika yakipita. Nadhani robo ya pesa ya ufundi inatosha kumrudisha fundi bila kumnyonga, kwa sharti kwamba vibarua wake wamelipwa wote siku ya kumaliza. Fundi akikataa kabisa, atakuwa amekupa habari unayoihitaji. Na mwenye nyumba naye asigeuze akiba hiyo kuwa njia ya kudhulumu. Mvua ikipita na uwanja uko mkavu, pesa itumwe siku hiyohiyo, maana fundi aliyelipwa vizuri Juni ndiye atakayekubali masharti haya kwa mteja mwingine.

Katika karatasi moja, au hata ujumbe mmoja wa simu ambao fundi amejibu "sawa", yaandikwe machache: maji yanaanzia wapi, yanatokea wapi, mahali pa kutolea ni chini kuliko ukuta wa nyumba kwa sentimita ngapi, na nani anarudi kurekebisha. Mahali pa kutolea ndipo pa kung'ang'ania. Kama ni kichochoro, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na jirani wa chini wahusishwe kabla ya fensi kutobolewa, na usawa wa njia upimwe kwa kutarajia kwamba kifusi kitaongezwa siku moja. Kama ni mto au korongo, ikumbukwe kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo zake, kwa hiyo usijenge chochote cha kudumu huko ukidhani ni sehemu ya mtaro wako. Kama hakuna mahali, basi asikubaliwe mtu yeyote anayeahidi mtaro. Hapo mazungumzo yageukie kupunguza maji yenyewe: tangi la kuvunia maji ya paa, pevingi zipunguzwe kuzunguka nyumba na ardhi iachwe wazi, majani yapandwe, na mwishowe wakazi wa kichochoro kizima wachangie mtaro mmoja, kwa sababu hakuna kiwanja kimoja kitakachoweza kulitatua tatizo hili peke yake.

Na kabla ya bomba kufukiwa, maji yamwagwe. Nashangaa jinsi jaribio hili lilivyo rahisi na jinsi tusivyolifanya. Boza moja likimwagwa taratibu kwenye kona ya juu, mtaro ukiwa bado wazi, litaonyesha katika nusu saa mahali maji yanaposimama, yanaporudi na yanapopenya. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kubomoa pevingi. Mwenye nyumba awepo, apige picha za mtaro ukiwa wazi na za mdomo wa bomba huko nje, kipande cha futi kikiwa kimesimamishwa kando ili vipimo vionekane. Picha hizo zitamsaidia mahakamani ikibidi, na zitamsaidia hata zaidi fundi wa pili kujua kilicho chini bila kuvunja.

Lipo pia jambo ambalo manispaa inaweza kulifanya bila kusubiri mkopo wa mabilioni. Kibali cha ujenzi kinaombwa kwa ramani, na ramani hiyo ionyeshe usawa wa sakafu, usawa wa barabara na mahali maji ya mvua yanapotokea, isipoonyesha irudishwe. Wengi wetu tunajenga bila kibali, najua, lakini wachoraji wa ramani ni walewale, na mchoraji akishazoea kuchora mshale wa maji kwa mteja mwenye kibali atauchora kwa asiye nacho. Fundi wa msingi atauona mshale huo siku ya kwanza ya kuchimba, wakati tundu la kwenye fensi bado ni suala la kuacha tofali moja bila kulijenga.